Wanaotaka Vumbi Letu

Jumatatu, 1 Desemba

Ziwa limefungwa. Hadi mwisho wa Februari hakuna wavu kugusa maji ya Mweru, ili samaki wapate kuzaana. Mume wangu Hippolyte, ambaye hukausha na kuuza chisense, dagaa wetu wadogo, husema kila mwaka kwamba miezi hii mitatu atapumzika. Na kila mwaka siku ya kwanza huamka alfajiri na kuzunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo.

Mimi nina kazi. Kila Alhamisi alasiri nina saa yangu ya Kiswahili kwenye redio ya hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na ziwa linapofungwa ndipo watu wanapopata nafasi ya kusikiliza na kukasirika. Huu ni msimu wangu. Nafungua daftari hili ili niuandike.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo nimempiga mtu.

Albamu inaitwa Malata, yaani mabati ya kuezekea. Aliyeitengeneza ni Plamedie, mwanamke wa miaka thelathini na moja, fundi wa simu na redio kule Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Nyimbo nane za muziki wa kucheza, zote za kompyuta, hakuna anayeimba. Mji mzima unazipiga. Wakongomani wenzangu wanazisifu kwa sababu ni za Mkongomani, na hiyo ndiyo sifa ya kivivu kuliko zote. Nilivuka mpaka kutoka Pweto nikiwa mwalimu wa fasihi, na nguo zangu niliziacha ili nibebe vitabu. Sitasifu kitu kwa sababu ya ukoo.

Nilisema hewani maneno haya, na nayanakili ili asije mtu akanisingizia mengine: "Muziki huu umeoshwa mpaka ngozi imetoka. Hakuna vumbi ndani yake. Hakuna mtu aliyekanyaga hapa. Ni sebule ya hoteli ambayo bado haijapokea mgeni."

Rabson, meneja wetu, Mzambia mpole anayeogopa barua za malalamiko, alinitazama kupitia kioo kama anayemwona mbuzi juu ya meza. Simu kumi na moja ziliingia. Tisa za matusi. Saa nzuri sana.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Hippolyte amekula ugali kwa maharagwe, huku akiyatazama maharagwe kwa chuki.

Jumanne, 9 Desemba

Sokoni Kashikishi, muuza mihogo mmoja alinizuia njia.

"Mama Pierrette, weye unachukia batoto ba kwetu?"

"Minachukia muziki mubaya."

"Aa! Na juzi pale kwa Obvious, ile muziki mubaya ilikuwa inapiga, muguu yako ilikuwa inatikisika ju ya nini? Ulikuwa na siafu?"

Wanawake wa mihogo walicheka mpaka wakashikana. Nilimjibu kwamba mguu si mkosoaji. Jibu zuri. Lakini njiani nilikumbuka kwamba pale kibandani kwa Obvious, anayewatilia watu nyimbo kwenye kadi za simu, kweli ulikuwa unatikisika.

Jumapili, 14 Desemba

Kasonde amenipigia kutoka Lusaka. Huyu ni mwandishi wa muziki kwenye gazeti la mtandaoni linalosomwa mpaka Ulaya. Alizaliwa Chienge, na Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki, lakini sikio lake ni la kweli, na kwa miaka minne tumekuwa tukibishana kwa simu kuhusu vitabu na nyimbo.

"Ba mwalimu, nimesikia radio yenu, batu banaitumiana kwa WhatsApp. Mulisema bwino, muzuri sana. Hakuna mutu alikanyaga hapa! Nitaandika ile."

"Andika," nikasema.

Nilifurahi. Nakiri kwa sababu daftari si redio. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyesomewa insha yake mbele ya darasa.

Jumamosi, 20 Desemba

Makala ya Kasonde imetoka. Ameandika kwamba albamu ni baridi, imesuguliwa kupita kiasi, na kwamba hata huko huko Nchelenge mkosoaji mkali kuliko wote amesema hakuna mtu aliyekanyaga ndani yake. Jina langu lipo. Nimelisoma mara nne.

Jumanne, 23 Desemba

Sentensi yangu imeota miguu. Tovuti moja ya Kifaransa imeinukuu kutoka kwa Kasonde. Nyingine ya Kijerumani imeinukuu kutoka kwa Wafaransa. Mwana wa jirani anayesoma Ndola amenitafsiria ya tatu. Mwandishi wa hiyo ya tatu anasema alipoona kwamba msanii ni mkimbizi alitegemea "kusikia kambi", na badala yake akasikia kitu ambacho kingeweza kutengenezwa popote.

Kusikia kambi. Mimi sikusema kambi. Nilisema vumbi, na nilimaanisha damu, uzito, mtu. Kwa nini anapolisoma neno langu anaona hema?

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kuku, kwa heshima ya Bwana. Hippolyte amesema hata kuku ana ladha ya kukosa samaki.

Jumanne, 30 Desemba

Plamedie amekuja.

Alifika kwa baiskeli ya kukodi, ameloa mpaka mifupani, amekumbatia kisanduku cha vifaa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimemjenga kichwani mwangu: msichana mrefu, miwani ya jua, majivuno. Aliyeingia ni mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyoungua kwa kuchomelea waya. Alikataa chai. Nilijiandaa kwa vita, maana vita navijua.

Hakupigana. Aliuliza swali moja.

"Mwalimu, ile album uliisikilia wapi?"

"Kwa simu yangu. Obvious alinitilia kwa kadi."

"Leta hiyo simu."

Nikampa. Akaweka wimbo wa kwanza, akaisogeza simu sikioni. Katikati ya wimbo sauti ya Obvious ikapiga kelele, kama inavyopiga kwenye kila wimbo mjini hapa: "Obvious Digital, Kashikishi, nyimbo zote!" Plamedie akazima. Akatazama maandishi fulani kwenye kioo cha simu, akanionyesha namba za ukubwa wa wimbo. Mimi sizijui namba hizo.

"Hii haiko album yangu," akasema. "Obvious anaikamua wimbo ili elfu moja zienee kwa kadi moja. Sauti ya chini yote imetoka. Ya juu yote imetoka. Ulikula mifupa, Mwalimu, na ukasema ju ya samaki."

"Kila mutu hapa anasikiliza kwa kadi ya Obvious."

"Njo vile. Lakini kila mutu hakusema kwa radio."

Alisimama, akajifunga mfuko wake. Mlangoni aligeuka. "Jumamosi ya tarehe kumi niko Kabuta, natengeneza mashine ya sauti ya kanisa. Nitaijaribu na album. Saa sita muchana. Kama unataka kunitukana tena, kuya unitukane kwa kitu kizima."

Hippolyte alikuwa uani, akijifanya hasikii. Mgeni alipoondoka aliingia na kusema, "Madame, tarehe kumi tutaenda?" Nilimwambia akafunge mbuzi.

Ijumaa, 2 Januari

Nimekwenda kibandani kwa Obvious, na nimekwenda nikiwa na hasira.

"Obvious, unajua unaiba nusu ya muziki wa batu?"

"Bamayo, awe, hapana! Siibi. Ninapunguza." Alikuwa anahudumia wateja watatu kwa wakati mmoja, waya zikining'inia shingoni kama mkufu. "Mutu wa Kabuta anakuja na kadi ndogo, anataka nyimbo mingi. Hataki nyimbo muzito. Niambie, bamayo, mwenye anakula sahani ya bure anauliza chumvi?"

"Na hilo jina lako katikati?"

"Ile ni nzuri, siyo? Batu banaimba nayo."

Ni kweli, wanaimba nayo. Mteja mmoja aliimba pale pale. Sikuweza kuendelea kukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Aliyekosa si Obvious. Yeye hajawahi kudai kwamba ni mkosoaji.

Jumatatu, 5 Januari

Mvua siku tatu. Ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimejaribu kuandika kuhusu bei ya unga, nimeacha.

Jumamosi, 10 Januari

Nataka kuandika polepole.

Kanisa la Kabuta ni jengo refu la matofali karibu na maji. Mitumbwi imepinduliwa nje, na wavuvi wasio na la kufanya wamekaa juu yake. Ndani kuna spika nne kubwa kuliko kabati, zilizonunuliwa kwa michango ya miaka mitatu, bora kuliko za baa yoyote hadi Mansa. Febby, kiongozi wa kwaya, alikuwa anafagia. Aliponiona alisema kwa sauti ya kutosha, "Karibu, mama wa hoteli," na wanakwaya wakaficha vicheko kwenye vitenge.

Plamedie hakusalimia. Alichomeka kompyuta, akabonyeza.

Nilisikia kwanza kwa miguu. Sauti ya chini kabisa, ile ambayo kadi ya Obvious iliitupa, ilipita kwenye sakafu ikapanda magotini. Juu yake vitu vidogo vikaanza kudondoka, kimoja kushoto, kimoja kulia kabisa, kila kimoja safi na kimewekwa mahali pake kwa mkono, kama matone ya kwanza ya mvua ambayo unaweza kuyahesabu kabla hayajawa mengi. Halafu yakawa mengi. Febby aliacha ufagio. Wavuvi waliingia mmoja mmoja, wakasimama ukutani kwa adabu ya kanisani, na kufikia wimbo wa tatu adabu ilikuwa imeisha mabegani na imebaki usoni tu.

Kila nilichokiita kuoshwa kupita kiasi kilikuwa ni umakini. Hakuna sauti iliyosahauliwa pale. Nilikuwa nimesema hakuna mtu aliyekanyaga; ukweli ni kwamba mtu alikuwa amepita kila inchi kwa magoti.

Baada ya wimbo wa nane tulikaa kwenye benchi la mwisho.

"Ju ya nini Malata?" nikauliza.

"Tulifika Mantapala tukilala chini ya plastiki. Mwaka wa pili tukapata malata ya nyumba. Mapya. Unajua mama yangu alifanya nini? Alichukua ngazi, akapanda na kitambaa, akayapanguza. Kila asubuhi, mwezi muzima. Batu bote banacheka: mama Ruffin anaoshea ndege nyumba." Ruffin ni kaka yake mkubwa. Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilikuwa chini, nashika ngazi. Nikasema, siku moja nitafanya kitu kinachong'aa vile, na nitakipanguza mimi mwenyewe."

Na mimi nilikuwa nimempigia kelele redioni kwamba kinang'aa.

Alhamisi, 15 Januari

Nimejipiga mwenyewe hewani. Sikulia, sikupiga magoti. Sikujaliwa magoti ya kupigwa hadharani. Nilisema: Tarehe nne Desemba nilihukumu kitu nilichokuwa sijakisikia. Kosa ni langu. Sasa nimekisikia, na nasema ndicho kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu zaidi katika wilaya hii tangu nifike. Na wale wa mbali wanaolalamika kwamba hawakusikia kambi ndani yake, nawauliza: bati jipya likiwa juu ya nyumba yako mwenyewe, unalipaka matope ili mgeni ajue limetoka wapi?

Simu kumi na nne. Ya kwanza: "Mama amenunuliwa." Ya pili: "Bei gani?"

Ijumaa, 16 Januari

Nimempigia Kasonde nimwombe aitoe sentensi yangu kwenye makala.

"Awe, ba mwalimu. Mulisema."

"Nilisema ju ya kitu kingine. Niliisikia kwa kadi."

"Mimi sikuisikia kwa kadi. Niliisikia muzuri, kwa spika za studio, na ni baridi. Mwenye amebadilika ni ninyi. Mukiandika barua, nitaichapa. Lakini kufuta, hapana. Sifuti maneno ya mutu ju aliyajutia."

Nilikata simu. Nilimwita majina ambayo Hippolyte hakuwa ameyasikia tangu Pweto. Kisha nikakaa na jambo la kuudhi kuliko yote: mimi ningefanya vile vile.

Jumanne, 20 Januari

Barua nimeandika. Ameichapa, yote, bila kukata neno. Hakuna aliyeinukuu.

Jumamosi, 24 Januari

Plamedie amenionyesha barua ya lebo moja ya Ulaya, kampuni ya kutoa muziki. Wanataka kuichukua Malata na kuisambaza dunia nzima, pamoja na safari ya maonyesho katika miji sita. Lakini si hii. Wanataka itengenezwe upya, iwe na "sauti za mahali": wanawake wanaotwanga, watoto, mvua juu ya plastiki. Picha ya jalada ipigwe mbele ya hema. Na toleo la kwanza lifutwe kila mahali, wasikilizaji wasichanganyikiwe. Jibu kabla ya tarehe 27 Februari.

Katikati ya barua, kama sababu, ipo sentensi yangu. Hakuna mtu aliyekanyaga hapa. Wanasema wangependa kusikia miguu.

"Hema utalitoa wapi?" nikamwuliza. "Mantapala yote ni nyumba."

"Banasema banaweza kulileta."

Tulicheka wote wawili, vibaya. Halafu nikasema lazima akatae, na kicheko chake kikakauka.

"Mwalimu, niko miaka saba kwa meza ya simu. Mulango moja umefunguka. Moja."

Jumatano, 28 Januari

Nimeandika kurasa tisa kwa nini akatae. Nimempelekea kwa mkono, kilomita zote hizo kwenye matope. Nilikuwa na hoja ya heshima, hoja ya historia, hoja ya wale wanaonunua umaskini wetu kwa kipimo cha dakika. Alizisoma akiwa amesimama, mbele ya wateja wake. Kisha akazikunja na kuziweka chini ya mguu wa meza inayotikisika.

"Mwezi wa Desemba ulisema nitie vumbi. Mwezi wa Januari unasema nisitie. Album hii ni ya nani, Mwalimu? Ulimuua mutoto, sasa unataka nikae matanga na weye njo unaimba."

Wateja waliangalia chini. Mimi, ambaye nimejibu maaskofu, niliaga.

Meza ilikuwa imetulia.

Jumapili, 1 Februari

Sikwenda misa. Hippolyte amesema nina homa. Sina homa.

Jumanne, 3 Februari

Hippolyte anajenga chanja mpya za kuanikia, za miti na wavu, usawa wa kiuno, tayari kwa ziwa kufunguliwa. Jirani zetu wengi huanika chisense chini mchangani. Nilikaa karibu naye nikilalamika kuhusu Ulaya. Alifunga fundo, akalivuta, akasema bila kuinua kichwa:

"Mununuzi akifika, anatafuna moja. Akisikia muchanga mu meno, anaenda kwa mwingine. Nimeuza samaki miaka makumi mbili, huku na ng'ambo. Sijaona mutu anarudi kuniambia, Papa, ongeza muchanga kidogo, nisikie ziwa."

Nilimbusu kwenye upara. Alishtuka akaangusha kamba.

Alhamisi, 5 Februari

Nimelisema hewani neno la Hippolyte kuhusu mchanga. Simu ishirini, na kwa mara ya kwanza zote za kucheka. Nilisahau kumtaja mwenye neno. Amenuna, anakula akitazama ukuta.

Jumatano, 11 Februari

Barabara ya Mantapala imekatika kwenye daraja. Hakuna habari za Plamedie. Doria ya samaki imekamata nyavu mbili Kabuta na kuzichoma. Mvua.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Kila mtu mjini anajua kilichomo kwenye ile barua, na kila mtu ana shauri. Febby anasema asaini, Mungu hafungui milango bure. Muuza mihogo anasema asaini halafu awape hema lenye panya. Mimi sisemi. Hii ni siku ya kumi na tisa sijamshauri mtu yeyote kuhusu Plamedie, na koo linaniuma kwa kutotumika.

Jumamosi, 21 Februari

Ujumbe asubuhi: "Kuya. Usiseme kitu."

Barabara imepitika kwa miguu. Nilifika nimeshika viatu mkononi. Alinikalisha ndani, chini ya yale mabati, mbele ya spika mbili alizozitengeneza mwenyewe, akanionyesha kwa kidole mdomo wangu, akaufunga hewani kwa kidole hicho hicho. Mama yake alikuwa anakuna nazi mlangoni, zawadi ya mtu wa Dar aliyepita na lori kabla daraja halijakatika, na hakutujali.

Alikuwa ametengeneza kile wanachokitaka. Wiki tatu. Nyimbo zote nane, za zamani na mpya zikifuatana.

Wimbo wa kwanza, wenye kutwanga: uongo. Wa pili, watoto wakipiga makofi: uongo, na watoto wenyewe walijua, unasikia wanavyosubiri kuambiwa waanze. Wa tatu na wa nne, mvua iliyomwagwa juu ya kila kitu, ikifunika yale matone aliyokuwa ameyapanga mmoja mmoja. Nilikuwa nakubali kwa kichwa, nikijenga hotuba.

Kisha wa tano. Huu hakuweka mtwangio wala mvua. Fundi wa simu akimaliza kazi, mteja huijaribu palepale: hupiga kwa mtu wa kwanza anayemjia akilini. Plamedie alikuwa amerekodi majaribio hayo mezani kwake. Allo? Allo, unanisikia? Mi hapa. Iko inasikika? Allo, mama? Sauti arobaini, hamsini, zikiingia moja baada ya moja juu ya ile ngoma safi, kila moja imepewa nafasi yake. Moja ilisema tu, "Ooh, uko," ikanyamaza.

Nikajua nimeshindwa, kwa sababu huu ulikuwa bora kuliko ule wa zamani. Bora sana.

Alipomaliza wa nane alizima. "Sasa sema."

Ningeweza kudanganya. Hoja yangu yote ya mwezi mzima ilihitaji uongo mmoja mdogo, na mimi ni hodari wa kusema.

"Saba ni mbaya," nikasema. "Zimechafuliwa tu. Lakini ya tano ni muzuri kushinda ile ya zamani. Ile ya zamani, karibu na hii, ni kama ilikuwa inangojea."

Nilidhani atasema: basi wana haki. Badala yake akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mi pia nilisikia vile. Nilitaka kujua kama unasikia, ao unapigana tu." Akafunga kompyuta. "Zile saba nilizifanya ju yao. Hii moja niliifanya ju yangu, nikiwa nimechoka nazo. Bon. Nitaandika: wimbo wa tano mupya nawapa, ukae na ile nane. Kufuta, hapana. Hema, hapana."

"Batakataa."

"Batakataa," akasema. "Na Jumatatu nitakuwa hapa kwa meza. Unafikiri sijue?"

Mama yake alisema kutoka mlangoni, bila kugeuka, "Mwambie Mwalimu akule, ametembea."

Nikala.

Jumatano, 25 Februari

Wamekataa. Mistari mitatu, ya adabu. Wanamtakia mema.

Jioni Kasonde alipiga. Habari zilikuwa zimemfikia. "Ba mwalimu, mimi bado ninasema ni baridi," akasema. "Lakini kuleta hema! Ile nitaiandika, na jina lao." Nikamwambia bado ni kiziwi. Akasema ananiheshimu pia. Tulibishana nusu saa, na ilikuwa nusu saa bora ya mwezi huu.

Plamedie sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba alifanya vizuri? Yeye ndiye aliyefungiwa mlango. Ushujaa wa mtu mwingine ni rahisi sana kuusifu ukiwa umekaa kwako, na mimi nimeishi kwa kufanya hivyo. Nimefikiria jioni yote nina nini cha kumpa. Nina saa moja kwa wiki. Sina kingine.

Alhamisi, 26 Februari

Nilimwendea Plamedie asubuhi, nikampa sharti moja: alete mwenyewe, kitu kizima, na asimame karibu na mashine asije mtu akakipunguza. Nyimbo nane, na ule wa tano mpya uwe wa tisa.

Rabson alipoelewa ninachotaka alishika kichwa.

"Ba Pierrette, ile saa ni ya maneno. Imeandikwa hivyo kwa karatasi ya leseni: mazungumuzo."

"Leo mazungumuzo yangu yana dakika arobaini na saba."

"Batu batasema munaumwa."

"Baseme."

"Na mukisimamishwa?"

"Basi ziwa litakuwa limefunguliwa, nitaanika samaki. Bwana yangu anajenga chanja."

Alifikiria barua za malalamiko. Niliziona zikipita usoni mwake, moja moja. Halafu akanyanyua mabega, akaenda kutengeneza chai, ili awe na sababu ya kutokuwepo.

Saa tisa kamili taa nyekundu ikawaka. Nilisema: "Jina langu ni Pierrette. Tarehe nne Desemba, kwenye kiti hiki, nilisema mabaya juu ya albamu ambayo sikuwa nimeisikia, na maneno yangu yakatumika kumdai msanii vumbi asilokuwa nalo. Amekataa kulitoa. Hii hapa ni kazi yake. Sitaongea juu yake."

Plamedie akabonyeza.

Mwanzoni mikono yangu haikujua ikae wapi. Hoja zilinijia, nzuri, zenye makali, nikaziacha zipite. Katika wimbo wa pili simu ya studio ikaanza kuwaka. Ikawaka tena, na tena. Huenda ni matusi, huenda ni mtu anayeuliza kama nimekufa. Plamedie alinitazama, akanionyesha simu kwa kidevu.

Nikachomoa waya wake. Wimbo wa tatu ulikuwa unaanza.